Mwanya Nilioufunga Igembya

Mliponiaga mlinipa vitenge viwili, dumu la asali na saa ya ukutani. Saa inatangulia dakika nne kila siku, na siilaumu, maana sasa sina pa kuchelewa. Esta, aliyerithi meza yangu, alinifuata mpaka getini akasema, "Mama Milembe, yale mambo ya mipaka uliyokuwa ukitufokea, tuandikie basi. Kitabu cha programu hakisemi kama unavyosema wewe." Leo ni wiki ya tatu nimekaa kibarazani kwangu mtaa wa Kambarage, jirani ana mashine ya kusaga inayonguruma tangu asubuhi, na nimeona niandike kabla sijasahau, au kabla sijaanza kukumbuka mazuri tu. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo mnavijua, na mishahara mnaijua zaidi.

Nilianza uchoraji wa ramani kwa kalamu ya wino, miaka ya tisini, katika chumba chenye meza nne za kuchorea na dirisha lisilofunga. Mkuu wa chumba alikuwa Mzee Kisandu, mtu mfupi, mwenye suruali ya kupigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na mfuko wa shati uliojaa karanga. Siku ya kwanza hakunipa kalamu. Alinipa wembe na karatasi angavu yenye ramani ya kata nzima, akaniamuru nifute mstari mmoja.

Kwa wasioijua kazi hiyo: wino ukishakauka kwenye karatasi angavu haufutiki kwa kifutio. Unaukwangua kwa wembe, polepole, mkono umelala, pumzi umeibana. Mimi nilikuwa kijana na nilitaka kuonekana hodari. Nilikwangua mara tatu, karatasi ikatoboka.

"Umetoboa shamba la mtu," alisema Mzee Kisandu, akitafuna. Hakufoka. Alifungua kikopo cha zamani cha dawa ya viatu, akatoa wembe mwingine. "Huo niliokupa ni mpya. Wembe mpya unakata karatasi. Huu nimenyolea ndevu asubuhi mara mbili, sasa unakwangua wino tu. Kila siku mbili nitakuletea mmoja."

Na kweli aliniletea, kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Ramani nyingi za eneo hili mnazoziona kabatini zilisahihishwa kwa nyembe zilizopita kwanza kwenye kidevu cha Mzee Kisandu. Sijui kama kuna ofisi nyingine yenye historia ya namna hiyo, na sidhani kama ingeisema.

Siku ile ile alinionyesha mstari niliokuwa nimeuharibu. "Huu ni mmoja, lakini una wenyewe wawili. Ukiusogeza huku umemnyang'anya huyu ukampa yule. Hakuna kusogeza mstari bure." Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nilikuwa nimeelewa nusu.

Kompyuta ya kwanza ilipofika, Mzee Kisandu alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Hakutaka kuigusa, ila alivuta stuli akakaa nyuma yangu, karanga mkononi, akasema nimwonyeshe jinsi mpaka unavyosogezwa. Nikashika kipanya, nikabofya poligoni moja, yaani shamba moja kwenye skrini, nikaivuta kona. Kona ikaja. Lakini shamba la jirani lilibaki pale pale, na kati ya mashamba mawili pakafunguka pembe nyeupe, nyembamba.

"Hapo katikati pa nani?" aliuliza.

Nikasema hapana mtu, ni kosa la kuvuta tu.

"Nimekuuliza, hapo katikati pa nani?"

Akaguna, akarudi kwenye meza yake. Ndugu zangu, swali hilo ndilo kitabu kizima cha kazi yetu. Mengine ni kubofya.

Kwenye karatasi mpaka ulikuwa mstari mmoja. Ukiukwangua, umewakwangulia wote wawili. Kompyuta haijui hivyo. Kila poligoni ina mzingo wake kamili, kwa hiyo pale mnapoona mpaka mmoja kati ya shamba la Juma na la Maria, ipo mistari miwili iliyolaliana. Ukimvuta Juma peke yake, Maria anabaki. Ukimvuta arudi nyuma unaacha mwanya, ukimvuta ndani ya Maria unapata ardhi yenye wenyewe wawili, na hiyo ni kesi inayosubiri mvua ya kulimia tu.

Kwa hiyo, kabla hamjagusa mpaka wa pamoja, washeni ile hali ya kuhariri majirani kwa pamoja. Ukisogeza nukta, ya huyu na ya yule ziende zote. Shamba jipya likipakana na la zamani, msilichore upya kwa macho. Fuateni mstari uliopo, nukta kwa nukta, mpaka mnapoachana nao. Umbali wa kunasa, yaani ule ambao programu huzivuta nukta zilizo karibu zigandane, uwe mdogo. Nimemkuta kijana mmoja, jina lake nitalificha kwa kuwa bado mnakula naye mchana, ameuweka mita ishirini, na programu imembania kisima, choo cha shule na nyumba ya mchungaji vikawa nukta moja. Na kabla ya yote hayo, fanyeni nakala. Wembe ulikuwa ukitoboa karatasi moja. Kipanya kinatoboa kijiji.

Sasa niwaambie kwa nini nilikuwa mkali juu ya mianya, maana ukali huo ndio ulionipeleka pabaya.

Tulikuwa na kazi nje kidogo ya Katoro, upande wenye mashimo ya dhahabu. Mashamba mawili, ndugu wawili wa baba mmoja, na kwenye ramani mwanya wa mita mbili kati yao. Si mimi niliyeuacha, nilirithi faili. Ila wachimbaji wana masikio marefu kuliko wapima. Mtu mmoja aliona nakala ya ramani, akasema hapa katikati hapana mwenyewe, na baada ya wiki palikuwa na duara, yaani shimo la kuchimbia, lenye magogo na kamba na vijana sita waliokuwa wakitoa mawe kwa zamu. Ndugu wale wawili walifika shambani na mapanga. Nilikwenda mimi na mpima wetu Nkwabi, mtu mtulivu, mrefu, aliyekuwa akitembea porini kama anakwenda harusini. Tulikuta safu ya katani iliyopandwa na baba yao, tukawatembeza wote wawili juu yake, tukapima mpaka mmoja, mwanya ukafungwa na duara likaangukia kwa kaka. Mdogo mtu alikubali kwa sababu baba alipanda katani ile mbele yake. Wachimbaji walilalamika, wakahamia kwingine, kama ilivyo desturi yao.

Kutoka hapo nikawa adui wa mianya. Programu ilikuwa na uwezo wa kukagua na kuorodhesha kila penye uwazi kati ya poligoni na poligoni. Nilikuwa nikiipitia orodha hiyo kama mama anayetafuta chawa kwenye kichwa cha mtoto, sibakishi hata mmoja. Watu walisema ramani ya Mama Milembe haivuji. Nilipenda kusikia hivyo, na sioni aibu kusema nilipenda.

Kisha ukaja mradi wa hatimiliki za kimila, vijiji vingi upande wa Masumbwe. Kimoja nitakiita Igembya. Nkwabi na wenzake walikwenda, wakatembea kila shamba na mwenyewe, GPS ya mkononi, daftari, na fomu ya kila shamba yenye kidole gumba cha mwenye shamba. Mimi nilibaki ofisini kuzitoa zile nukta na kuzifanya ramani. GPS ya mkononi huyumba mita tatu, nne, kwa hiyo kila kijiji kilikuja na mianya kama wavu wa kuvulia. Hiyo ni kawaida.

Igembya ilikuwa na mwanya mmoja mrefu kuliko yote. Ulianzia kwenye nyumba za kilimani, ukashuka kati ya shamba la Mzee Luhende na shamba la Mama Kabula, ukaishia karibu na lambo, lile bwawa la kuchimbwa wanaponyweshea mifugo. Upana kama mita nane. Nikasema, hapa mashamba mawili yamepimwa siku mbili tofauti, GPS imeyumba huku na huku, ndiyo hii. Nkwabi alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine, lakini simu ilikuwa mezani, na kumpigia kungenichukua dakika mbili. Fomu zilikuwa kabatini, hatua sita kutoka kwenye kiti changu.

Programu huuliza: mwanya huu umpe nani? Njia nyepesi ni kumpa jirani mwenye mpaka mrefu zaidi nao. Aliyekuwa na mpaka mrefu ni Mzee Luhende. Nikabofya. Mwanya ukafungika, orodha ikabaki tupu, nikaenda kunywa chai. Nakumbuka ilikuwa na tangawizi, na nilikuwa na furaha.

Ramani ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji ili watu waikague. Walikuja, kila mmoja akatafuta jina lake, akaweka kidole, akaridhika, akaondoka. Hati zikatoka, zikapigwa mihuri.

Miaka ilipita. Nilikuwa nimebakiza miezi saba nistaafu simu ilipokuja kutoka Igembya: kuna ugomvi wa mpaka, mwenye shamba anasema ramani iko upande wake, wanaomba mtaalamu. Nilikagua faili, ramani ni yangu, haivuji. Nilikwenda kuitetea. Nilivaa hata viatu vipya.

Mwenyekiti wa kijiji alinipeleka moja kwa moja shambani. Kiangazi kilikuwa kimeanza kukaza. Tulipofika nilisimama, na sijui nilisimama muda gani.

Palikuwa na safu mbili za minyaa, ile miti ya utomvu mweupe inayopandwa Usukuma nzima kugawa mashamba, minene, ya umri wa mtu mzima. Kati ya safu na safu palikuwa na udongo mtupu, uliokanyagwa mpaka ukashuka chini ya mashamba kwa kina cha goti, umejaa nyayo za kwato na mavi yaliyokauka. Kilikuwa kipito cha ng'ombe kwenda majini. Na katikati yake, kuanzia minyaa hii mpaka minyaa ile, ulikuwa umekazwa waya wa miiba, na mbele ya waya miche ya katani imepandwa mistari mitatu.

Mimi nimezaliwa kijijini, ndugu zangu. Nimefika mjini nikiwa msichana mkubwa. Kila siku ya utoto wangu nilipita kati ya minyaa namna hiyo, nikifuata ndama kisimani, nikiambiwa nisishike utomvu nisije nikajipaka machoni. Njia ya namna ile naijua kwa nyayo. Lakini ilipokuja kwenye skrini ikiwa nyeupe na nyembamba sikuitambua, nikaiita kosa.

Mama mmoja mzee alikuwa ameketi juu ya kigogo kando ya waya, fimbo mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyechora?"

"Ni mimi."

Akanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu. "Kumbe mtu mzima. Mimi nilikuwa nawatetea, nasema bwana wee, hao waliochora ni watoto wa mjini, hawajui ng'ombe wanapita wapi."

Huyo ndiye Mama Kabula. Mwenyekiti akanieleza mengine, na kila neno liliniingia. Mzee Luhende alifariki. Mtoto wake Masanja, mwenye duka la vifaa vya wachimbaji kule Katoro, alirudi kurithi shamba, akafungua hati, akaona mpaka wake unafika kwenye minyaa ya Mama Kabula. Akaifunga njia kwa waya. Sasa ng'ombe wa kilimani wanazunguka kwa barabara kuu. Wenye vijana wa kuchunga wanaweza. Mama Kabula anachunga mwenyewe, ng'ombe kumi na mmoja walioachwa na mumewe, na mwezi uliopita ndama wake aligongwa na lori lililobeba mawe ya dhahabu.

"Mnunuzi anakuja mnada ujao," Mama Kabula alisema, kama anayezungumzia hali ya hewa. "Nitawatoa wote. Ng'ombe mwenye kiu haniombi kitu, ananitazama tu. Siwezi."

Mnada ulikuwa baada ya siku tisa. Niliwaomba wanipe wiki.

Nilirudi ofisini, na kwanza nikampigia Nkwabi, simu ile ambayo ilipaswa kupigwa miaka iliyopita. Nikamuuliza ule mwanya wa Igembya ulikuwa nini.

"Ile ya kwenda lambo? Si ndiyo njia ya ng'ombe, mama?"

"Mbona hukuandika?"

"Kwani nani asiyejua? Safu mbili za minyaa, mama. Kuna mtu anaandika kwamba mlango ni wa kuingilia?"

Ndiyo kosa letu lilivyotokea. Nkwabi hakuandika kwa sababu kila mtu anajua. Wanakijiji hawakuona ukutani kwa sababu kila mtu alitafuta jina lake, na njia haina jina. Na mimi niliyepaswa kuuliza hapo katikati pa nani, sikuuliza. Wa Nkwabi na wa wanakijiji ulikuwa usahaulifu tu. Kosa la kubofya lilikuwa langu.

Mkuu wangu wa wakati huo alikuwa muungwana, na alinishauri kama rafiki. "Mama, kijiji kilipewa muda wa kupinga, hakikupinga. Sisi tuko salama. Waache waende baraza la ardhi, wewe umalize miezi yako kwa amani." Ushauri wake ulikuwa sahihi kwa kila kifungu. Niliutafakari usiku kucha, maana jina ndilo kitu pekee nilichokuwa nakwenda nacho nyumbani. Kisha nikaenda kabatini, zile hatua sita, nikatoa fomu mbili.

Mkutano ulifanyika nje ya ofisi ya kijiji, asubuhi. Masanja alikuja na gari lake dogo, kofia, hati ndani ya bahasha ya plastiki. Alisalimia watu wazima kwa heshima zote, "mwangaluka" hapa, "shikamoo" pale. Hakuwa mtu mbaya. Nawaambia hivyo kwa sababu mnapenda kesi zenye mtu mbaya.

"Mimi sikuchora," alisema aliposimama. "Nimepewa karatasi na serikali. Ina muhuri, ina saini. Nikifunga uzio ndani ya mpaka wangu nimekosa nini?"

"Hujakosa, baba," nikasema. "Nimekosa mimi."

Nikawaeleza bila kupamba: nilikuwa nimekaa kwenye kiti, nikaona uwazi, nikadhani ni hitilafu ya mashine, nikaufunga kwa kidole kimoja, nikaenda kunywa chai. Mzee mmoja nyuma akauliza chai ya maziwa au ya rangi, watu wakacheka, na nikashukuru kwa kicheko kile.

Kisha nikampa Masanja fomu ya baba yake. "Soma mashariki. Baba yako aliulizwa anapakana na nini."

Akasoma. "Minyaa."

"Mashamba yakigusana, tunaandika jina la jirani na jirani anaweka kidole. Hapa hapana jina la Mama Kabula. Na hii ni ya Mama Kabula. Magharibi yake imeandikwa minyaa, hapana jina la baba yako. Kila mmoja aliishia kwenye minyaa yake. Kilichobaki katikati nilimpa mzee mimi, na hakuwahi kukiomba."

Masanja alikuwa akitazama mwisho wa fomu, penye alama ya kidole gumba ya wino wa zambarau. Katikati ya alama kulikuwa na mstari mweupe unaokata mshazari.

"Hiki kidole cha baba," alisema. "Alijikata na shoka nikiwa mdogo. Nilikuwepo."

"Ndicho hicho."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa, karatasi iko upande wako. Sina cha kukulazimisha. Utabaki na mita nane nilizokupa mimi."

Niseme kweli, hapo niliogopa. Kazi ya miaka yote, na mwishowe nimesimama mbele ya kijiji sina kitu mkononi ila kidole cha marehemu. Mama Kabula alikuwa akichora chora vumbi kwa fimbo yake.

Masanja alirudisha fomu kwenye mkono wangu kwa mikono miwili. "Mzee asingekula cha watu," alisema. "Angekuwepo, waya ule ungeshakatwa zamani." Akamgeukia Mwenyekiti. "Nina koleo kwenye gari." Kisha, alipokuwa ameanza kuondoka, akanigeukia tena: "Na karatasi yangu?"

"Naichukua. Nitakuletea nyingine, ndogo zaidi."

"Basi angalau muhuri uwe mkubwa," akasema, na mkutano ukafungwa bila mtu kuufunga.

Ofisini niliichora njia ile kama inavyotakiwa. Esta, umeiona mara nyingi, ni ile poligoni nyembamba ya Igembya uliyowahi kuniuliza kwa nini haiunganishwi na jirani. Haiunganishwi kwa sababu ni eneo lenye mwenyewe. Nilirudisha shamba la Luhende kwenye minyaa yake, nikafuata mstari wake nukta kwa nukta kushuka, nikapita lamboni, nikapanda kwa mstari wa Mama Kabula, nikafunga. Mistari yote ni ya pamoja, ukisogeza mmoja jirani anakwenda nao. Mahali pa mmiliki niliandika kijiji, mahali pa matumizi niliandika njia ya ng'ombe. Kisha nikavirudia vijiji vyote vya mradi ule, mwanya kwa mwanya, fomu mkononi. Nilikuta vipito vingine viwili, na kimoja kilikuwa cha kwenda makaburini. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya miezi ya mwisho, mlipokuwa mnadhani nasinzia. Nanyi mkikuta uwazi kwenye orodha, ulizeni kwanza hapo katikati pa nani. Mara tisini na tisa katika mia jibu litakuwa hapana mtu, fungeni. Kwa ile moja, ondokeni kwenye kiti.

Lakini nimetangulia. Kabla ya kuchora ilibidi kupima, na kupima kulikuwa siku ile ile ya mkutano. Masanja alikata waya mwenyewe, akauviringisha, akang'oa katani zake moja moja akazipanga pembeni, maana mfanyabiashara hatupi kitu. Mimi nikashuka kwenye kipito na GPS, viatu vyangu vipya vimejaa vumbi, nikasimama katikati kungoja mashine ishike satelaiti. Huwa haitaki kuharakishwa.

Nikasikia kwato. Mama Kabula hakungoja tumalize. Alikuwa amekwenda zizini akawafungulia wote kumi na mmoja, nao walikuwa wakishuka kati ya minyaa, hakuna anayewaswaga, wanakwenda kwa mwendo wa mtu anayerudi kwao. Wa mbele alikuwa jike jeusi lenye pembe moja iliyopinda. Alifika mbele yangu akasimama. Wengine nyuma yake nao wakasimama.

"Wabeja, mwanangu," Mama Kabula alisema kutoka nyuma ya kundi, akinishukuru kwa lugha ya nyumbani. "Sasa toka njiani."

Nilikuwa nimesimama katikati ya njia yao kwa mara ya pili. Nikazima mashine, nikajibana kwenye minyaa ya Mzee Luhende, nikawapisha.